Kabla ya raketi, shika hesabu

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio usiniite mjuaji.

Jumamosi moja jioni rafiki yangu alinipigia simu. Walikuwa watatu, wamelipia uwanja wa padeli upande ule wa Nairobi wenye miti mingi na walinzi wengi, na mtu wao wa nne alikuwa amewaangusha dakika ya mwisho. Padeli haichezwi na watatu. Nikadandia matatu nikiwa na raba za kuchezea mpira na fulana ya kawaida. Raketi ningeazimwa huko huko.

Mimi na rafiki yangu tukapangwa dhidi ya wawili waliokuwa wenyeji wa pale. Makubaliano yalikuwa rahisi: seti moja, anayeshindwa analipia uwanja. Nilikubali haraka kwa sababu sikutaka kuonekana sina kitu. Wewe pia ushawahi kufanya hivyo, usinidanganye.

Tulijikaza. Tukafika wao wakiwa na gemu 5, sisi 4, na ndani ya gemu iliyofuata tukawa 40 kwa 40. Mmoja wao akasema, "Pointi ya dhahabu, tunasevu kulia." Kulia ndiko nilikokuwa nimesimama mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa mnyonge siku hiyo. Rafiki yangu upande wa kushoto alikuwa anarudisha karibu kila sevu. Mpira ukaja, ukadunda, ukagonga kioo cha nyuma, nikapiga hewa. Seti ikaisha. Tukalipa. Nusu yangu peke yake ilikuwa nauli na chamcha cha wiki nzima.

Siku chache baadaye, nikiwa nyumbani, nikafungua simu kusoma sheria za mchezo ulionifilisi. Ziko wazi kabisa: pointi ya dhahabu ikifika, wanaopokea ndio wanaochagua upande wa kupokelea sevu. Si wanaosevu. Tungesema tu "kushoto" na mpira ungemwendea rafiki yangu.

Sisemi tungeshinda. Labda naye angepiga hewa. Kinachoniuma ni kwamba kulikuwa na uamuzi wa kufanya, ulikuwa wetu, na sikujua hata kama upo. Labda wale jamaa walisahau. Labda hawakusahau. Sitawahi kujua, na kwa kweli kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliingia uwanjani nikijua kushika raketi na sijui kuhesabu.

Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu hesabu ya padeli. Najua inaonekana kitu kidogo. Lakini mchezo huu, vile tunavyoucheza wengi wetu, hauna refa. Hakuna mtu amekaa kwenye kiti kirefu akitaja matokeo. Na mahali pasipo na refa, anayejua hesabu ndiye refa. Ukiingia bila kuijua, umemkabidhi mpinzani wako filimbi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Pointi ni mali.

Kwanza historia fupi, ndio ujue unacheza nini. Padeli ilizaliwa Acapulco, Mexico, mwaka 1969, nyumbani kwa tajiri mmoja aliyeitwa Enrique Corcuera. Mwaka 1974 Alfonso de Hohenlohe akaupeleka Marbella, Uhispania, na kutoka hapo ukashika moto Uhispania na Argentina. Huku kwetu umefika kwa nguvu miaka hii ya karibuni tu. Leo ukipita mitaa fulani ya Nairobi usiku utaona zile taa nyeupe na kuta za vioo, na watu wanne ndani wakicheka kwa sauti.

Uwanja wenyewe ni mita 20 kwa 10, mdogo kuliko wa tenisi. Umezungushwa vioo na waya. Raketi haina nyuzi, ni bapa lenye matundu. Sevu hupigwa kwa chini: unadundisha mpira, unaupiga ukiwa usawa wa kiuno au chini yake, unaupeleka kimshazari. Ukikosa mara ya kwanza unapewa nafasi ya pili. Ukikosa tena, pointi imeenda.

Sasa, pointi inapatikanaje? Hapa ndipo vioo huwachanganya watu. Kanuni kubwa ni moja: mpira lazima uguse chini kwanza upande wa mpinzani kabla ya kugusa kioo chake. Ukipiga ukaenda moja kwa moja kwenye kioo chake, umepoteza, hata kama uligonga kwa mbwembwe. Ukidunda kwanza halafu ukagonga kioo, mchezo unaendelea, na yeye ana ruhusa ya kuusubiri urudi kutoka kwa kioo ili aupige. Wewe pia unaweza kuupiga kwenye kioo chako mwenyewe ili uruke uende upande wa pili. Ukidunda mara mbili upande wako, umepoteza. Ukigusa wavu kwa mwili au kwa raketi, umepoteza. Mpira ukikugusa mwilini, umepoteza.

Sevu ina kijisheria chake. Ikidunda kwenye boksi halafu ikagonga kioo, ni halali. Ikidunda halafu ikagonga waya, ni kosa. Wageni wengi hunyang'anywa pointi hapo, na wengine huzipewa bila haki, kwa sababu hakuna anayejua tofauti ya kioo na waya.

Hiyo ni pointi moja. Sasa tuhesabu.

Hesabu ya padeli ni ile ile ya tenisi, na ina ngazi tatu: pointi, gemu, seti. Pointi ya kwanza inaitwa 15. Ya pili, 30. Ya tatu, 40. Ya nne inakupa gemu. Usiniulize kwa nini si 1, 2, 3 kama watu wa kawaida. Hesabu hii imetoka kwenye mchezo wa kale wa Wafaransa, jeu de paume, uliochezwa kwa kiganja cha mkono kabla ya raketi kuja. Zamani ya tatu ilikuwa 45, ikafupishwa kuwa 40 kwa wepesi wa ulimi. Watu hupenda kusema ilitokana na mishale ya saa. Ni hadithi tamu, lakini hakuna aliyewahi kuithibitisha.

Ukishinda gemu 6, ukiwa umemwacha mwenzako kwa gemu mbili au zaidi, umechukua seti. Mkifika 5 kwa 5, mtu lazima afike 7. Mkifika 6 kwa 6, mnacheza taibreki: hapo ndipo hesabu inarudi kuwa ya kawaida, 1, 2, 3, mpaka mtu afike 7 akiwa na pengo la mbili. Anayeanza taibreki anasevu mara moja, kisha kila mmoja anasevu mara mbili mbili kwa zamu, na mnabadilishana pande kila baada ya pointi 6. Mechi kamili ni ya seti tatu, anayeshinda mbili ameshinda. Watu wengi wasio wa kulipwa, wakifika seti moja kwa moja, huacha seti ya tatu na kucheza taibreki ndefu ya kufika 10.

Kuna kitu hapa ningependa ukishike vizuri, kwa sababu ndicho moyo wa hii hesabu. Pointi hazibebwi. Mpinzani wako akikushinda gemu wewe ukiwa na 40, zile pointi tatu zako zimeenda. Gemu ifuatayo mnaanza sifuri kwa sifuri. Ni kama makanga asiyerudisha chenji: umempa noti, umeshuka, yake imebaki yake. Lakini chenji hiyo inakatwa pande zote mbili. Yeye akikupiga gemu ya kwanza bila wewe kupata hata pointi moja, naye hapati zawadi yoyote ya ziada. Gemu ni gemu. Ukipigwa seti 6 kwa 0, seti ya pili mnaanza sawa, kana kwamba hukuaibika.

Mimi niliacha chuo njiani, kwa hivyo nimeishi chini ya hesabu ya aina nyingine, ile ambayo mtihani mmoja ulioharibu muhula wa kwanza unakufuata kwenye wastani mpaka siku ya mwisho. Nilipoelewa seti za padeli nilikaa kimya kidogo. Kumbe kuna watu walikaa wakatengeneza hesabu inayomwambia aliyeanguka: hiyo imeisha, simama, tuanze.

Matokeo yake ni kwamba pointi zote hazina uzani sawa. Hili si neno la kujifariji, ni jambo lililoandikwa kwenye rekodi. Fainali ya Wimbledon ya 2019, Roger Federer alipata pointi 218, Novak Djokovic 204. Bingwa alikuwa Djokovic. Federer alishinda pointi nyingi, Djokovic akashinda zile zilizohitajika, zikiwemo taibreki zote tatu. Na ile mechi ya Wimbledon ya 2010 iliyochukua saa 11 na dakika 5, John Isner alimshinda Nicolas Mahut 70 kwa 68 seti ya mwisho, ilhali Mahut ndiye aliyekuwa na pointi nyingi, 502 kwa 478. Hiyo ni tenisi, lakini hesabu ni hii hii unayoikuta kwenye padeli.

Kwa hivyo mtu akikwambia "wewe cheza tu, hesabu tutajua baadaye," mwambie hapana. Huwezi kucheza vizuri kama hujui pointi unayocheza ina uzito gani. Ukiwa mbele 40 kwa 0, unaweza kujaribu ule mpira wa kishujaa. Ukiwa 30 kwa 40 nyuma, rudisha tu mpira, mwache mwingine akosee. Anayejua hesabu anacheza mchezo mmoja, asiyejua anacheza mwingine, na wako uwanja mmoja.

Sasa turudi pale 40 kwa 40, mahali nilipozikwa.

Kwa hesabu ya kale, mkifika hapo lazima mtu ashinde pointi mbili mfululizo. Ya kwanza inampa faida. Akishinda nyingine, gemu ni yake. Akipoteza, mnarudi sare, mnaanza tena. Inaweza kwenda hivyo mpaka mtu aone njaa.

Pointi ya dhahabu ilikuja kukata huo mzunguko. Mashindano ya World Padel Tour yaliianza mwaka 2020: mkifika 40 kwa 40, pointi moja tu, anayeishinda amechukua gemu. Na kwa vile anayesevu ana nafasi ya kujipanga, wanaopokea wakapewa haki ya kuchagua upande. Hawaruhusiwi kubadilishana nafasi zao; wanachagua tu nani kati yao atapokea. Hiyo ndiyo haki niliyoiacha mezani.

Ukilelewa mtaani, hii unaijua tangu utotoni. Giza linaingia, mama wameanza kuita watoto majina mpaka ya ubatizo, mpira wenyewe hauonekani. Mtu anapiga kelele, "Anayefunga sasa ameshinda!" Mlikuwa 9 kwa 2, haijalishi. Kila mtu anakimbia kama mwizi. Wanaofungwa ndio hupenda hiyo sheria kuliko wote, na wanaoongoza ndio huikataa.

Na hapo kuna ukweli wa kihesabu. Tuseme mpinzani wako ni mkali kukuliko, kiasi kwamba katika kila pointi 10 yeye hushinda 6 na wewe 4. Mkifika 40 kwa 40 kwa sheria ya kale, ya kushinda mbili mfululizo, yeye atachukua gemu hiyo takriban mara 69 kwa 100. Mkicheza pointi ya dhahabu, ni mara 60 kwa 100. Wewe mnyonge umepanda kutoka 31 hadi 40 bila kufanya mazoezi hata ya siku moja. Kadri mnavyohitajika kushinda pointi nyingi, ndivyo mkali anavyopata muda wa kuonyesha ukali wake. Kadri zinavyopungua, ndivyo bahati inavyopata kiti.

Kwa hivyo kuna wanaoichukia pointi ya dhahabu, na wana sababu. Soka ilijaribu kitu cha aina hiyo: bao la dhahabu. Kombe la Dunia la 2002, Henri Camara aliipeleka Senegal robo fainali kwa bao kama hilo dhidi ya Sweden, Afrika nzima ikaruka. Mechi iliyofuata, İlhan Mansız wa Uturuki akafunga, na Senegal ikaenda nyumbani papo hapo bila dakika ya kujibu. Mwaka 2004 sheria hiyo ilitupwa. Wakubwa wa padeli nao wametafuta njia ya katikati: kuanzia msimu wa 2026 mashindano makubwa yana mfumo unaoruhusu faida mara mbili kwanza, na mkirudi sare mara ya tatu ndipo inachezwa pointi moja ya kumaliza.

Msimamo wangu ni huu. Kwa sisi tunaolipia uwanja kwa saa, pointi ya dhahabu inatufaa. Muda wetu una bei, na tukikaa kwenye sare moja dakika 10 tutaondoshwa na kundi linalofuata likiwa tayari limesimama mlangoni na chupa za maji. Tena wengi wetu ndio wanyonge kwa sasa. Hatujazaliwa na raketi mkononi, na sheria inayotupa nafasi ya 40 badala ya 31 sina ugomvi nayo. Lakini iwe imekubaliwa kabla ya sevu ya kwanza, na iwe nzima, pamoja na ile haki ya kuchagua. Pointi ya dhahabu bila hiyo haki si dhahabu, ni shaba iliyopakwa rangi.

Kuna hesabu nyingine utaikuta ukienda kwenye zile jioni za watu wengi: Americano. Hapo seti na gemu zinawekwa kando. Mnacheza raundi ya pointi kadhaa, mara nyingi 24 au 32, kila pointi ni moja, na pointi unazopata unaziweka kwa jina lako. Raundi ikiisha unabadilishiwa mwenza. Mwishowe mwenye jumla kubwa ndiye mshindi. Ni mfumo mzuri wa kujuana na watu, na mgeni anauelewa kwa dakika moja kwa sababu ni kujumlisha tu.

Ila angalia kitu. Kwenye Americano kila pointi inabebwa mpaka mwisho. Ukipangwa na mtu anayejifunza, anaonekana kwenye jedwali kama hasara yako. Ndio unaanza kuona sura za watu zikibadilika majina yanaposomwa. Mtu anaguna. Mtu anakimbilia kila mpira wa mwenzake. Yule dada aliyekuja mara ya kwanza anamaliza jioni akiwa amegusa mpira mara chache na hatarudi wiki ijayo. Mfumo hauna kosa. Umefanya kazi yake ya kujumlisha. Kosa ni letu tukisahau kwamba sote tuliwahi kuwa yule wa kugunwa. Ukiwa mkali na umepangwa na mgeni, jumla yako ya jioni hiyo moja haitakununulia hata soda. Mpe mipira yake.

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, "Buda, ni mchezo tu, mbona unafanya kama mahakama?" Sawa. Lakini angalia nani husema "ni mchezo tu." Mara nyingi ni yule ambaye hesabu imeegemea upande wake. Yule aliyepoteza pointi isiyo halali hasemi hivyo, huwa amenyamaza. Ananyamaza kwa sababu ni mgeni, kwa sababu raketi ni ya kuazima, kwa sababu wale wengine wameegesha magari pale nje na yeye amekuja na matatu, anaogopa akiuliza ataonekana hajui. Mimi ndivyo nilivyonyamaza. Nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa aliposema "tunasevu kulia," na swali lilifika mpaka kooni. Nikalimeza. Lilinigharimu.

Kuuliza si ujinga. Na huu mchezo, tukiuacha uhesabiwe na wachache tu, utabaki wa wachache. Si bei ya uwanja peke yake inayofungia watu nje. Hata hii aibu ya kutojua inafungia, na hii tunaweza kuiondoa bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu sheria ni za bure na ziko kwenye simu ile ile unayosomea hapa.

Kwa hivyo ukienda Jumamosi, fanya mambo machache. Kabla ya sevu ya kwanza, simameni wanne wavuni mkubaliane kwa maneno: seti ngapi, mkifika 40 kwa 40 ni faida au dhahabu, saa ikiisha katikati ya gemu inakuwaje, na kama kuna pesa, ni ngapi na nani anaishika. Inachukua dakika moja. Urafiki mwingi umevunjika kwa kukosa hiyo dakika.

Pili, anayesevu ataje hesabu kwa sauti kabla ya kila pointi, akianza na yake. "Thelathini kwa kumi na tano." Sema kwa Kiswahili, sema kwa Kiingereza, sema vyovyote, mradi wote wanne wasikie. Ukitaja mapema, kosa linarekebishwa likiwa bichi. Ukingoja mpaka mwisho wa gemu, kila mtu atakuwa na kumbukumbu inayompendelea.

Tatu, mkikosana, rudini kwenye hesabu ya mwisho ambayo wote mnaikubali, muendelee kutoka hapo. Msipigie kura pointi. Wawili kwa wawili hakuna kura itakayoamua.

Nne, ukiona mpira wako umegusa waya, au umeguswa na mwili wako, na wao hawajaona, sema. Najua inauma, hasa kwenye 40 kwa 40. Lakini mahali pasipo na refa, kila mchezaji amevaa nusu ya filimbi. Ukiinyamazia leo, kesho utachezea uwanja ambao hakuna anayemwamini mwenzake, na huo si mchezo tena, ni kesi.

Na tano, ukiona mgeni amesimama pale kulia na macho yake yanauliza swali ambalo mdomo wake unaogopa, msaidie kabla hajauliza. Mwambie: ndugu, hii ni pointi ya dhahabu, chaguo ni lenu, mnapokea upande gani?

Rafiki yangu amenipigia tena wiki hii. Wanakosa mtu wa nne. Wale jamaa wawili watakuwepo, seti moja, masharti yale yale. Nimemwambia niko njiani, na nina kitu cha kusema pale wavuni kabla hatujaanza.